Daftari Lisiloungua

Jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kusahaulika zamani. Makarani wenzake bandarini walimwita Daftari alipokuwa na miaka ishirini na miwili, na lakabu hiyo ikamganda hata mkewe, enzi alipokuwa na mke, hakumwita vinginevyo. Sasa alikuwa na miaka sabini na mmoja. Aliishi katika chumba cha uani nyumbani kwa dada yake mkubwa, mkunga mstaafu; chumba chenye kitanda cha chuma, kiti kimoja, mkeka wa kusalia, na dirisha lililotazama kamba ya kuanikia nguo. Aliyeingia humo mara ya kwanza alihisi kuna kitu kimekosekana, na ilimchukua muda kutambua ni nini. Hapakuwa na karatasi hata moja: wala kalenda ukutani, wala bahasha, wala kipande cha gazeti cha kufungia sabuni. Mtu aliyetajirika kwa karatasi alizeeka akizikwepa kama mtu anavyokwepa uso wa jamaa aliyemdhulumu.

Kipaji chake kilitoka nyumbani. Baba yao alikuwa mwalimu wa Kitabu, akifundisha watoto wa mtaa katika chumba cha mbele, naye aliona mapema kwamba mwanawe wa kiume akisikia neno mara mbili halimtoki tena. Kwa kuwa wanafunzi walikuwa wengi na macho ya mwalimu yalikwisha kuanza kufifia, kazi ya kumsikiliza mdogo huyu alimwachia binti yake mkubwa. Binti alikaa upande mmoja wa meza, Kitabu kimefunuliwa mbele yake. Ndugu yake alikaa upande wa pili, kafumba macho, akisoma kwa moyo kwa sauti ile ya kupanda na kushuka aliyofundishwa na baba. Alipokosea, dada hakusema neno. Aligonga meza kwa kifundo cha kidole, mara moja tu. Maana yake: umepotea, rudi mwanzo wa aya. Alipopatia alisema, "Endelea." Miaka saba walisoma hivyo, hata ubao wa meza ukabonyea mahali pa kidole. Alipotimiza miaka kumi na minne alikuwa amehifadhi Kitabu chote, na baba yao akalia mbele za watu bila haya.

Baba alipofariki, kijana akaajiriwa na kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Wenzake walitembea na mafaili kwapani. Yeye alitembea mikono mitupu. "Lile kontena la vigae liko wapi?" wangeuliza, naye angejibu, akinywa chai, nambari ya kontena, jina la meli, siku iliyotia nanga, na jina la afisa aliyelizuia. Tajiri wake alikuwa akimwambia, "Wewe siku ukipata malaria, mimi nafunga ofisi." Katika kazi hiyo alijifunza jambo moja ambalo lilimjenga na kumbomoa, nalo ni kwamba mzigo hautembei. Kinachotembea ni karatasi. Mzigo hufuata nyuma kama mbwa amfuatavyo bwana wake.

Alipofika umri wa miaka thelathini na minane alifungua Mfuko. Ulikuwa mfuko wa uwekezaji kwa wastaafu: walimu, wauguzi, madereva wa serikali, watu ambao baada ya miaka thelathini ya kazi walipewa kiinua mgongo na hawakujua wakiweke wapi. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa, na ngazi zake zilinuka nta. Iliandikwa kwamba fedha zingenunua majengo na dhamana za serikali, na kwa miaka michache ndivyo ilivyokuwa. Lakini gawio lilikuwa dogo, na wenye hisa walikuwa na watoto shuleni. Daftari akaanza kuwakopesha wafanyabiashara ambao mizigo yao ilikwama, kwa muda mfupi na kwa faida kubwa. Gawio likapanda. Wazee walimsimamisha njiani wakimwombea dua. Dada yake naye aliweka humo kiinua mgongo chake, na gawio la mwaka wa sita likamwezekea nyumba mabati mapya.

Katika mwaka huo huo wa sita ndipo alipokuja Kanali.

Aliingia akiwa amevaa suti ya kijivu na viatu vya jeshi vinavyong'aa kama kioo. Alikuwa afisa wa manunuzi katika jeshi la nchi ndogo iliyokuwa na amani, na alichokuwa nacho cha kuuza kilikuwa sahihi yake. Silaha, alieleza, haziuzwi ovyo. Kiwanda hudai kwanza hati ambayo ndani yake jeshi fulani hukiri kwamba mzigo ni wake na hautamfikia mwingine. Nchi zilizo vitani, hati zao hazikubaliwi. Basi jeshi lake yeye lingeitoa, mzigo ungenunuliwa kwa fedha za Mfuko, na katikati ya safari ungegeuzwa njia.

"Hati ni ya kughushi?" aliuliza Daftari.

"Hasha! Muhuri halisi, sahihi halisi, karatasi ya serikali. Uongo uko mmoja tu, bwana: jeshi letu halihitaji hata risasi ya kuwindia kanga."

Wakacheka wote wawili. Tangu siku hiyo, kwa muda wa miaka minane, Daftari alikuwa dalali wa silaha, ingawa hakupata kushika bunduki, na mlipuko pekee aliousikia ni wa tairi la gari.

Kila mzigo ulitambulikana kwa nambari ya fungu iliyochapwa kwa rangi nyeusi ubavuni mwa kila kasha. Madalali wengine waliziandika nambari hizo, wakashikwa nazo. Daftari alizihifadhi. Alisoma orodha mara mbili, akaichoma ndani ya sinia la bati, akafungua dirisha moshi utoke, kisha akaenda kula. Na kwa kuwa nambari hazina maana ya kuzishikilia kichwani, alizitia katika chombo pekee alichokuwa nacho cha kuhifadhia: alizisoma kimoyomoyo kwa sauti ya baba yake, kwa kupanda na kushuka kule kule kwa aya. Hakuona ubaya. Sauti ni sauti, alijiambia. Hakufikiri kwamba nyumba ikishajengwa kwa ajili ya mgeni mmoja mtukufu, si salama kumlaza mwingine katika kitanda chake.

Aliyemuuliza habari ya vita alijibiwa jibu moja kwa miaka yote: "Mimi nauza karatasi. Mzigo umekwenda wapi, waulize wenye malori."

Kisha ndege moja ikazuiliwa katika kiwanja cha mbali, na fedha za Mfuko zikazuiliwa pamoja nayo. Jumatatu moja wazee walikuta kufuli mlangoni, wakakaa kwenye ngazi zinazonuka nta, mafaili magotini, wakingoja mtu wa kuwaeleza. Kesi ilichukua miezi minane. Magazeti yalimwita mwuza mauti, na barua za wasomaji zikamtetea kwamba ndiye aliyewasomeshea watoto. Mwisho wake hakimu alisema kwamba harufu ya jambo haikosekani, ila karatasi hazipo, na mahakama haina ufunguo wa kufungulia kichwa cha mtu. Akaachiwa. Nje ya mlango mwalimu mmoja mstaafu alimtemea mate, na mwingine, papo hapo, akampa mkono.

Mke akaondoka, nyumba zikauzwa. Dada yake, ambaye naye alipoteza kila alichoweka, alimfuata katika nyumba iliyokuwa haina tena viti.

"Chumba cha uani kiko wazi," alimwambia. "Ila habari za pesa usiniletee ndani kwangu. Sitakuuliza, na wewe usiniambie."

Miaka kumi na minane hakumuuliza.

Katika miaka hiyo aliyemfurahisha mzee ni mpwa wake, mtoto pekee wa dada, kijana mrefu mwenye kicheko cha kuamsha nyumba. Huyu alikuwa dereva wa lori, akipeleka unga wa misaada katika nchi ya jirani iliyokuwa imeungua kwa vita vya miaka mingi. Hakuhifadhi nambari yoyote katika simu yake. "Ya nini? Mjomba yupo!" Angepiga simu kutoka njiani: "Mjomba, nipe namba ya fundi wa breki wa mpakani." Mjomba angemtajia. "Mjomba, na ya yule muuguzi wa zahanati?" "Hiyo nimeisahau kwa faida yako," mjomba angejibu, na kicheko kingejaa simu.

Walimpiga risasi Jumapili, mchana kweupe, kwenye barabara ya vumbi yenye daraja lililovunjika. Walitaka unga. Alizikwa huko huko, kwa kuwa joto lilikuwa kali na njia imefungwa. Siku ya saba, wakati jamaa walipokusanyika nyumbani kwa mkunga kumwombea marehemu, dereva mwenzake alifika na vitu vyake: saa, shati moja la samawati, na kasha la mbao alilokuwa akiwekea spana.

"Alilinunua sokoni kule," alieleza dereva yule, akiliweka sakafuni kwa heshima. "Wanayauza matupu, Mama. Kila nyumba wanalo. Wengine wanawekea nguo, wengine wanafugia kuku. Mbao zake nzuri, mchwa hawaligusi."

Daftari alikuwa ameketi mkabala. Ubavu wa kasha ulimwelekea yeye. Rangi nyeusi ilikuwa imechakaa, lakini ilisomeka: sifuri nne saba, tisa, sita sita mbili.

Alilijua fungu hilo. Aliujua mwaka, na dirisha alilolifungua moshi utoke. Hati yake ilisema mzigo ni wa jeshi la Kanali, upande mwingine kabisa wa ramani.

"Mzee, tusomee," jamaa wakamwomba, kwani hapakuwa na mwingine mwenye hifadhi kama yake. Akafumba macho, akaanza. Sauti yake ilikuwa bado nzuri. Wanawake wakajifuta machozi. Aya ya kwanza ikapita, na ya pili. Katika ya tatu, mahali pa kupanda, ulimi wake ukatamka kwa sauti safi ya kusomea, bila kukatika: "Sifuri nne saba, tisa, sita sita mbili."

Akarudi mwanzo wa aya. Nambari ikaja tena, mahali pale pale.

"Majonzi yamemzidi," mtu mmoja akanong'ona. "Mpeni maji."

Dada yake alikuwa amemtazama kwa jicho la yule binti aliyekaa ng'ambo ya meza, na kidole chake kilikuwa kimejikunja juu ya goti.

Tangu siku hiyo hakuweza kumaliza swala. Alisimama juu ya mkeka, akanuia, akaanza. Na nambari zikaja. Mwanzo lilikuja fungu lile moja, baadaye yakaja na mengine, moja nyuma ya moja, yakipanda na kushuka, yakikaa kwenye viti vya aya kana kwamba waliokuwa wamekaa humo hawakupata kuwako. Alijaribu kusoma kwa haraka, na zikamfuata kwa haraka. Alijaribu kusoma akitazama Kitabu chenyewe, macho yakaona herufi na kinywa kikatoa nambari. Mtu anaweza kuhama mji akiandamwa na watu. Huyu angehamia wapi? Na kila asubuhi alipompelekea dada yake maji ya moto, aliliona kasha miguuni pa kitanda, na ndani yake shati la samawati lililopigwa pasi. Alipokuwa akiona maumivu makali alijiambia lile jibu lake la zamani: waulize wenye malori. Na mpwa wake alikuwa mwenye lori.

Miezi mitatu baadaye iliundwa tume ya kuchunguza biashara ile ya zamani, kwa kuwa makaburi yaliyofukuliwa ng'ambo ya mpaka yalikuwa yameleta maswali. Mwanasheria wa tume hiyo, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alifika mwenyewe, akakaribishwa chai na mkunga.

"Mzee, nisikufiche," alisema. "Karatasi hatuna. Benki wameteketeza, kampuni ya ndege ilifungwa. Tuna majina ya watu tu, na wengi wamekufa. Wanasema wewe ulikuwa unakumbuka."

"Watu husema mengi, mwanangu."

"Ukija kwa hiari yako, tutaandika ulikuja kwa hiari. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo. Kesi inaweza kufunguliwa upya."

"Na nisipokuja?"

Mwanasheria akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Usipokuja hatuna cha kukulazimisha. Alhamisi ndiyo siku ya mwisho."

Dada hakuuliza chochote mgeni alipoondoka. Aliosha vikombe, akavifuta, akavipanga. Kutouliza kwake kukaujaza ua wote.

Jumanne, baada ya alasiri, akaja Kanali. Alikuwa ameinama na ana fimbo, lakini viatu vyake viling'aa kama zamani.

"Daftari! Kumbe bado hujafa?"

"Nakusubiri utangulie, Kanali. Wewe ndiye mwenye cheo."

Kanali akacheka mpaka akakohoa, akaketi juu ya kitanda cha chuma. "Na mimi wameniita. Nikawaambia nina sukari, imekula kumbukumbu zote."

"Imekula kweli?"

"Imekula zile zenye meno. Sikiliza, ndugu yangu. Hawana kitu hawa. Wana kichwa chako tu, na kichwa chako kina kifuniko. Kalia kifuniko. Tumebakiza miaka mingapi mimi na wewe? Mitano? Tufe vitandani kwetu kama watu."

"Fungu la sifuri nne saba lilikwenda wapi?"

"Ah, umeanza kuvuja sasa. Lilikwenda pale palipoandikwa kwenye hati."

"Liko chumba cha pili. Kasha lake liko miguuni pa dada yangu. Mwanawe alinunua sokoni, akawekea spana. Na kule ndiko alikouawa."

Kanali akapapasa kichwa cha fimbo. Aliposema tena, alishusha sauti kama mtu anayempa mgonjwa dawa. "Kasha ni mbao. Chukua shoka, pasua, chemshia maharage. Mwambie dada mchwa wameliingia. Amini usiamini, moyo utatulia."

"Wewe wako umetulia?"

"Mimi?" Kanali akasimama kwa taabu. "Mimi sikuhifadhi kitu. Nilitia sahihi tu." Mlangoni aligeuka. "Ulikuwa na kichwa kizuri kuliko watu wote niliowajua, Daftari. Pole sana."

Jumatano asubuhi dada alikwenda zahanati kupimwa shinikizo la damu. Mzee alichukua shoka la kuni lililoegemezwa jikoni, akaingia chumbani mwa dada, jambo ambalo hakupata kulifanya bila kubisha hodi. Mikono yake ambayo haikuwahi kuinua mzigo wa mtu ilishika mpini. Akafungua kifuniko ili atoe shati kwanza. Lilikuwa limekunjwa kwa mkunjo wa mkunga, kona kwa kona, kama nguo ya kumpokelea mtoto. Akalishika, na hakuweza kulitoa wala kuliacha. Alikuwa bado amepiga magoti hivyo, mkono mmoja ndani ya kasha na shoka kwenye mkono wa pili, mlango ulipofunguliwa. Zahanati haikuwa na daktari siku hiyo.

"Wewe," alisema dada yake. "Unafanya nini na shoka chumbani kwangu?"

Mchwa walikuwa karibu na ulimi wake. Angesema neno hilo moja, angeaminiwa au angeachwa kama aliyeaminiwa, na angekula chakula cha mchana katika nyumba hii leo na kesho na mpaka siku ya kuondolewa kwa jeneza. Hapakuwa na mlango mwingine duniani ambao angebisha akafunguliwa.

Akaweka shoka sakafuni. "Kaa, dada. Nishikie."

"Nikushikie nini?"

"Nishikie kama zamani. Vaa miwani yako. Soma hapo ubavuni, palipochapwa rangi nyeusi. Mimi nafumba macho."

Mkunga aliketi ukingoni mwa kitanda, polepole. Akavaa miwani, akainama, akaweka kidole juu ya tarakimu ya kwanza. Ndugu yake, angali amepiga magoti, akafumba macho akasoma kwa sauti ya baba yao, kwa kupanda na kushuka, nambari saba. Kidole kilifuata moja baada ya moja hadi mwisho wa ubao. Hakikugonga.

"Endelea," alisema dada. Neno lilimtoka kwa mazoea, kabla hajaelewa alichokisikia.

Akaendelea. Alisoma yale ambayo hayakuwa kwenye ubao: idadi ya makasha, jina la jeshi lililotajwa kwenye hati, siku, kiwanja cha ndege ambako mzigo uligeuzwa njia usiku, na jina la barabara ulikopelekwa. Alipotaja barabara, ile ile ya daraja lililovunjika, kidole cha dada yake kikaondoka kwenye mbao.

Nje nguo zilipigwapigwa na upepo kwenye kamba. Dada alisema kwanza jambo ambalo mdogo wake hakulitarajia.

"Hiyo sauti ni ya baba."

"Ndiyo, dada."

"Ulizitia katika sauti ya baba."

"Ndiyo."

Dada akainua macho juu, kwenye dari, na kupita dari. "Na haya mabati?"

"Mwaka wa sita. Ndiyo."

"Na mwanangu?"

"Risasi yenyewe sijui, dada. Wallahi sijui ilitoka wapi. Lakini nilisema miaka yote sijui mzigo unakokwenda, na huo ni uongo. Nilikuwa na jina la barabara. Nilijua. Nilihifadhi."

Mkunga huyu alikuwa amepokea watoto zaidi ya elfu tatu na kuwafumba macho wachache, na hakuwa mwepesi wa kulia. Hakulia. Aliuliza kwa sauti ya wodini, "Makasha mangapi?"

"Kwenye fungu hili, mia nne na themanini."

"Na mafungu?"

"Sitini na mawili."

"Yote unayo?"

"Yote."

Dada akalitoa shati, akaliweka mapajani, akalilainisha ingawa halikuwa na kikunjo. "Kesho utakwenda kwa yule binti wa tume. Kasha utalibeba wewe. Begani. Usiite mkokoteni, usiite teksi, asikusaidie mtu."

"Sawa, dada."

"Na ukimaliza, usirudi hapa mpaka nikuite."

Alhamisi majirani walimwona mzee wa miaka sabini na mmoja akipita katikati ya mtaa na kasha tupu begani, akipumzika kila nguzo ya umeme. "Daftari umekuwa mchukuzi sasa?" kinyozi alimtania. "Leo ndio nimeanza kazi," akajibu, na kinyozi akacheka peke yake. Mbao zilimchubua shingo. Alishangaa uzito wake. Na hilo lilikuwa moja, tena halina kitu.

Alisoma mbele ya tume kwa siku tatu. Mwandishi alimwomba kila mara, "Pole pole, Mzee, mkono unauma." Mwanachama mmoja aliuliza watajuaje kwamba hakutunga, na mwanasheria wa miwani ya uzi akamtaka asome tena fungu la kumi na tisa, kisha la arobaini, kisha la tatu, bila mpangilio, na neno halikubadilika. Baada ya wiki sita polisi wa nchi ya jirani walileta picha za makasha yaliyofukuliwa, na nambari zikakaa mahali pake, moja moja. Kesi ilifunguliwa. Kanali alifariki kitandani mwake kabla ya kuitwa mara ya pili, na viatu vyake, ilisemekana, vilikuwa chini ya kitanda vimeng'arishwa.

Daftari alipewa dhamana kwa ajili ya umri wake, akapanga chumba kidogo karibu na soko la vyuma chakavu, akingoja siku ya mahakama. Alikuwa ametumaini kwamba akishazitoa nambari zingemtoka. Hazikumtoka. Zilikuja kila alipotandika mkeka. Ila sasa aliweza kufika aya ya tano kabla hazijaja, na siku moja alifika ya saba, akasujudu akilia, kwani ni fadhila kubwa kwa mtu wa namna yake kupewa aya saba.

Kila siku baada ya alasiri alitembea hadi mtaa wa dada yake. Hakubisha. Alipita tu mbele ya nyumba, akitazama chini, hadi kwenye kona ya pili, kisha akarudi kwake. Dirisha la mbele lilikuwa na pazia, na nyuma ya pazia, kwa siku kadhaa, aliona kivuli cha mtu aliyeketi. Mabati ya paa yalikuwa yameng'olewa nusu. Mafundi walikuwa wakiezeka mengine, ya bei nafuu, yasiyo na rangi.

Siku moja ya mwezi wa nne tangu aondoke, alipofika usawa wa dirisha, alisikia kioo kikigongwa kwa kifundo cha kidole. Mara moja tu.

Akasimama. Pazia halikusogea, mlango haukufunguliwa, na hapakuwa na sauti ya kumwita. Mtu mwingine angedhani ameitwa, au amefukuzwa. Yeye alijua kugonga huko tangu ana miaka saba. Akageuka, akarudi polepole hadi mwanzo wa mtaa, pale kwenye kona ya kinyozi, akasimama akavuta pumzi. Kisha akaanza upya kuijia nyumba ile, akihesabu hatua zake, masikio yakiwa kwenye dirisha.